Angalia watoto

Wasomaji wangu, leo tuongee habari za mgambo. Hapana, si wale wa jiji wanaokimbizana na wamachinga. Nazungumzia mgambo wa Massachusetts wa mwaka 1775, wakati huo Massachusetts bado koloni la Mwingereza na nchi inayoitwa Marekani haijazaliwa.

Nilianza kusoma habari zao Aprili 2025, wenzetu wa kule walipokuwa wanaadhimisha miaka 250 ya mapigano ya Lexington na Concord. Nilitaka kujua tu nani alianza kufyatua risasi, si mnajua tena sisi waandishi na umbea. Badala yake nikakwama kwa mtu mmoja anayeitwa Isaac Davis. Na baada ya siku mbili tatu nikajikuta nimekwama zaidi kwa mkewe.

Davis alikuwa fundi wa bunduki katika mji mdogo wa Acton. Si mwanajeshi wa kulipwa. Siku hizo wanaume wa kila mji walitakiwa kuwa katika mgambo, na kutoka humo wakachaguliwa wachache wa kukaa chonjo, watu wa kuondoka dakika yoyote wakiitwa. Ndio maana wakaitwa Minutemen. Wenzake wa Acton walimchagua Davis kuwa kapteni wao. Na kwa kuwa alikuwa fundi, alihakikisha vijana wake wana singe za kuchomeka kwenye magobore yao, kitu ambacho vikosi vingi vya jirani havikuwa nacho. Kumbukeni hizo singe, tutazirudia.

Waswahili tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Acton ililia alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1775. Wanajeshi wa Mwingereza wapatao 700 walikuwa wametoka Boston usiku kwenda Concord kuharibu silaha zilizofichwa huko. Njiani, pale Lexington, walikuwa wamekwisha kuua watu wanane.

Sasa ingia na mimi nyumbani kwa Davis. Ana miaka 30. Mkewe Hannah ana miaka 29. Wana watoto wanne, wa mwisho ana kama miezi 15 tu. Na asubuhi hiyo watoto wote wanne ni wagonjwa, baadhi yao wana homa ile ya vipele na vidonda vya koo, ambayo zama hizo iliua watoto wengi. Vijana wa kikosi wanaingia mmoja mmoja, wanakaa humo humo ndani kufunga baruti na risasi kwenye karatasi. Hebu piga picha. Huku watoto wanalia kwa homa, huku watu wanatengeneza risasi.

Jua lilikuwa limeshapanda walipoondoka. Davis hakusema mengi asubuhi ile. Alipofika nje akageuka, kama mtu mwenye neno. Akamwambia mkewe awaangalie vizuri watoto. Basi. Akaenda zake.

Kwenye daraja la Concord, upande wa kaskazini wa mji, mgambo wa miji kadhaa walikuwa wamekusanyika kilimani. Waliona moshi unapanda mjini wakaamini Mwingereza anachoma nyumba zao. Ikaamuliwa washuke. Nani atangulie? Kikosi cha Acton kikawekwa mbele, na sababu inayotajwa sana ni zile singe. Kazi nzuri ya mikono yake ndiyo iliyompa nafasi ya mbele. Waingereza walipofyatua, Davis alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Kijana wake Abner Hosmer naye akafa hapo hapo.

Utumishi wake vitani ulikuwa mwendo wa saa chache na mapigano ya dakika chache. Mpaka jioni, Waingereza walikuwa wamerudishwa mbio hadi karibu na Boston, wamepoteza watu 73, na upande wa mgambo 49. Vita vikaendelea hadi mwaka 1783.

Mchana ule ule Hannah akaletewa mwili wa mumewe. Ulilazwa chumbani kwake hadi siku ya mazishi. Kisha wakaletwa na wengine wawili, Hosmer na James Hayward, mwana Acton mwingine aliyepigwa risasi mchana ule. Mazishi ya wote watatu yakafanyika hapo nyumbani kwake. Maiti tatu ndani ya nyumba, na wale watoto bado wanaumwa.

Sisi tunajuaje yote haya? Hapa ndipo uandishi wangu uliponiamsha. Mwaka 1835, miaka 60 baadaye, mwanasheria mmoja mzaliwa wa Acton, Josiah Adams, alikuwa anakusanya ushahidi wa kiapo. Palikuwa na ubishi kati ya Acton na Concord juu ya nani alitangulia darajani, na heshima ya nani iwe kubwa zaidi. Wakamwendea Hannah, bibi wa miaka 89, ambaye sasa aliitwa Hannah Leighton kwa sababu alikuwa ameolewa tena mara mbili. Ubishi wenyewe ulikuwa wa saa na mahali. Yeye saa alitaja, jua lilikuwa limepanda kiasi gani. Lakini alitaja pia umri wa mtoto wa mwisho, na nani aliumwa nini, na kwamba uso wa marehemu ulikuwa wa kupendeza, haukubadilika sana.

Wanaume walikuwa wanagombea daraja. Bibi alikuwa bado yuko kwenye agizo alilopewa mlangoni.

Halafu kuna suala la pensheni, na hapa ndugu zangu mnaofuatilia mafaili ya mirathi mtacheka kwa uchungu. Sheria ya mwaka 1818 iliwalipa waliotumikia jeshi rasmi la mapinduzi kwa miezi tisa au zaidi, tena wawe masikini. Ya mwaka 1832 ikawakumbuka na mgambo, ila uwe umetumikia angalau miezi sita. Mwaka 1836 wajane nao wakaingizwa, lakini kwa hesabu zile zile za waume zao. Sasa Davis miezi sita angeitoa wapi? Alikufa asubuhi ya kwanza! Kama angejificha nyuma ya mti akaishi, huenda angehesabiwa. Hannah alikuwa amevuka miaka 90 ndipo Bunge la Marekani lilipomkubalia malipo kwa uamuzi wake wa pekee. Mwaka 1841 akafariki.

Miaka kumi baadaye, 1851, Acton ikamjengea Davis na wenzake wawili mnara mkubwa wa mawe na mifupa yao ikahamishiwa chini yake. Mwaka 1875 Concord nayo ikasimamisha sanamu ya mwanamgambo, gobore mkononi na plau pembeni, kazi ya Daniel Chester French. Sanamu nzuri kweli, ukiitazama unaelewa kwa nini wanaipenda.

Mimi sina ugomvi na sanamu. Davis alistahili. Alikuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani siku ile na hakubaki. Ninachojiuliza ni hesabu yetu. Katika vyumba vya habari swali la kwanza likitokea lolote ni wamekufa wangapi. Tunapata idadi, tunaweka kichwa cha habari, gazeti linakwenda mitamboni. Nani amebaki na watoto wanne wenye homa, hilo ni la ukurasa wa ndani kama nafasi ipo.

Serikali ilihesabu miezi ya Isaac ikakuta haitoshi. Ya Hannah, kuanzia mchana ule wa 1775 hadi anafunga macho, ni miaka 66. Hakuna sheria iliyokuwa na safu ya kuiandika.

Nisiwachoshe. Kama nyumbani kwenu yuko bibi aliyebaki nyuma baada ya vita vyovyote vile, ebu mwulize asubuhi ile ilikuwaje, na umwache aanze anapotaka yeye. Mkirudi mniambie alianza na nini.