Kura mbili za baba

Machi 1958, nikiwa darasa la sita, baba alipiga kura mbili kwa siku moja, wala hakuiba. Sheria ya mkoloni ilimruhusu: elimu ilimpa kura moja, mshahara ukamwongezea ya pili, na waliokuwa na sifa zaidi walifikisha tatu. Sisi wa Embu, pamoja na Wameru na Wakikuyu, tuliwekewa sharti jingine: cheti cha uaminifu, cha kuonyesha kwamba hukuwa na mkono katika Mau Mau. Baba alikihifadhi cha kwake ndani ya Biblia, kimekunjwa mara nne, kingo zimeanza kuchanika.

Jirani yetu seremala alikuwa na ng'ombe wengi kuliko baba, lakini alikuwa ametoka kizuizini Manyani. Siku hiyo alishinda nyumbani akichonga mguu wa kiti. Baba alipopita walisalimiana tu.

Mwaka uliotangulia, sharti hilohilo lilichangia kumwangusha Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alishindwa na Bernard Mate, mwalimu wa Meru, kwa sababu Wakikuyu wengi walinyimwa kura. Sikubaliani na wanaomlaumu Mate. Yeye na wenzake saba, akina Odinga na Mboya, walikataa uwaziri wakidai viti zaidi vya Waafrika. Viliongezwa sita, na kimojawapo, cha Nyeri na Embu, kilichukuliwa na Jeremiah Nyagah, mwalimu aliyesoma Alliance na Makerere.

Mwaka 1963 ilikuwa mtu mmoja, kura moja. Seremala aliamka kabla ya jogoo, akavaa koti lake la kanisani, akasimama kwenye foleni mbele ya baba. Alimpigia Nyagah. Nilimuuliza kwa nini amchague mtu aliyeingia Barazani kwa kura ambazo yeye alinyimwa. Aliniangalia kwa muda. "Kijana, zile sheria hakuziandika yeye. Na leo ameniomba kura mimi."

Jibu hilo limenisaidia kumwelewa Nyagah kuliko orodha ya wizara zake, nayo ni ndefu: Maliasili, Habari, Kilimo katika miaka ya sabini, na nyingine. Alichaguliwa tena na tena, hata 1988, mwaka wa aibu ya mlolongo, nchi ilipolazimishwa kupanga foleni nyuma ya wagombea huku machifu wakitazama nani kasimama wapi. Kura ya siri, ambayo seremala aliingoja kwa miaka, tulikuwa tumenyang'anywa.

Nyagah aling'atuka mwenyewe 1992, baada ya miaka 34. Kiti chake cha Gachoka kikaenda kwa mwanawe Norman, kisha 1997 kwa mwanawe mwingine, Joseph. Wengi walinung'unika kwamba ubunge umekuwa mali ya nyumba moja. Nami nilinung'unika nao, na hadi leo naona tulikuwa na haki, ingawa mzee mwenyewe nilimheshimu hadi alipofariki 2008.