Neno "Folikuliti" Maana Yake Nini?

Kati ya karatasi za zahanati zinazoletwa nyumbani kwetu ili zisomwe, ziko zenye neno moja tu, nalo latosha kuiondolea nyumba nzima usingizi. Neno la namna hiyo ndilo twataka kulieleza leo: folikuliti.

Hapa Lubumbashi madaktari huandika kwa Kifaransa, na mgonjwa husikia kwa Kiswahili. Mama mmoja wa mtaa wetu alikuwa na mwana wa miaka 14, mwenye vipele kisogoni, vinavyowasha na kutoa usaha kidogo. Zahanati wakamwandikia lile neno. Mama hakulishika zima. Alishika mwanzo wake tu, "foli", naye alijua Kifaransa cha kutosha kutambua kwamba "folie" ni wazimu. Vipele viko kichwani, na neno ni wazimu: angekosaje kuamini? Majirani wakaongeza yao. Majuma mawili mtoto hakwenda shule, na ndugu wengine walikwisha kuanza kutaja uchawi. Katika mji huu twajua maneno hayo yaweza kumfikisha mtoto wapi. Wako waliofukuzwa kwao wakalala sokoni kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Mwalimu," akasema, "unisomee yote, usinifiche. Mwanangu anapata wazimu?"

"Hapana, mama. Ni vipele vya mashina ya nywele."

Akatutazama kama mtu anayedanganywa. Basi ikatubidi kumfungulia neno lenyewe, kipande kwa kipande, kwa Kilatini tulichofundishwa seminari.

"Follis" ni mfuko wa ngozi, tena ni mvukuto wa mhunzi. Wazee wa Katanga walioyeyusha shaba kabla ya makampuni kuja walipuliza moto wao kwa mivukuto ya ngozi, na mama yule alikuwa amesikia habari hizo kwa babu yake. "Folliculus" ni mfuko mdogo: kila unywele umesimama katika kifuko chake ndani ya ngozi. Mwisho wa neno watoka Kigiriki. Zamani ulimaanisha "ya mahali fulani" tu, lakini madaktari wameufanya kuwa alama ya mahali palipovimba na kuwaka. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, alizitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. (Wekundu huo hauonekani vema juu ya ngozi yetu, mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi.)

Tena sikio la mama halikukosa kabisa. "Folie" ya Wafaransa nayo yatoka katika "follis" ile ile, kwa maana mpumbavu alifananishwa na mfuko uliojaa upepo. Maneno ni ndugu, magonjwa hayajuani.

Mara nyingi sababu ni bakteria ziitwazo stafilokoki. Hukaa juu ya ngozi na puani mwa watu wengi wenye afya, zikaingia katika kifuko pale wembe au mashine ya kinyozi ilipokwaruza. Zikishuka chini sana, huwa jipu. Fangasi nao huweza kuleta vipele hivyo, na mafuta mazito, na krimu za kung'arisha ngozi zenye dawa za jamii ya kotizoni, ambazo twaona zikiuzwa sokoni kama karanga. Wanaume wenye ndevu za kujikunja wana taabu yao: zikinyolewa karibu mno, ncha hurudi kuchoma ngozi. Hiyo huitwa folikuliti ya uongo, kwa kuwa haianzi na bakteria, ingawa mwenye kuumwa haoni uongo wowote. Dawa yake kubwa ni kuweka wembe chini.

Mtoto yule alikuwa ameandikiwa mafuta ya antibiotiki, na mama hakuyanunua. Nani hununua mafuta ya kupaka ili aponye wazimu? Aliponunua, akaongeza kitambaa safi cha maji ya moto, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Vipele havikukamuliwa, kichwa hakikunyolewa, taulo lake hakulitumia mwingine. Akarudi darasani.

Si kila kipele hungoja hivyo. Pakiwa na homa, au uvimbe ukitambaa, yafaa kurudi kwa daktari upesi. Vipele vikirudi kila mara, daktari aweza kutaka kupima sukari, au virusi vya ukimwi, kwa kuwa kinga ya mwili ikidhoofika vifuko huugua kwa urahisi. Na kipimo hicho ni cha damu, si cha macho ya jirani. Vya kisogoni vikiachwa miaka mingi vyaweza kugeuka makovu magumu yasiyoota nywele. Nazo nywele zikikatika na kuacha viraka vyenye magamba, huenda ni mapunye, ambayo hutaka dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa. Mafuta peke yake hayatoshi.