Pembea Inayosikia Atomu

Mwaka 2009 maabara ya IBM kule California ilitoa picha ya kirusi cha batobato ya tumbaku, kijiti chenye unene wa nanomita 18 tu. Wenzangu wa Tunguu nikiwaambia kuwa picha ile ilipatikana kwa kupima mtikisiko, wanacheka. Hebu tulieni kidogo.

Mashine ya MRI ya hospitali huvipiga viini vya haidrojeni mwilini kwa mawimbi ya redio, kisha koili ya waya hudaka ishara inayorudi. Ishara ya kiini kimoja ni ndogo mno. Koili inataka mabilioni kwa mabilioni ya viini ndiyo isikie kitu. Kwa goti lililoumia mpirani, sawa. Kwa kirusi kimoja, wapi!

Mwaka 1991 John Sidles wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alikuja na wazo jengine: achana na koili, pima nguvu. Chukua kijibao cha silikoni, chembamba kuliko unywele, kilichoshikwa upande mmoja. Ncha yake ibebe sampuli, karibu na sumaku ndogo sana. Sumaku huvivuta viini au huvisukuma, kutegemea vimeelekea wapi. Mawimbi ya redio huvigeuza juu chini, juu chini, kwa mwendo ule ule ambao kijibao hutikisika chenyewe. Ni kama pembea za sikukuu pale Kariakoo: hata mtoto mdogo humrusha mtu mzima akijua wakati wa kusukuma. Leza ndiyo inayoangalia kijibao kimecheza kiasi gani.

Dan Rugar na wenzake wa IBM walivisikia viini kwa njia hii mwaka 1994. Ile picha ya 2009 ilionesha mambo madogo hadi nanomita 4 hivi, ndani ya baridi isiyofika nyuzi 1 juu ya sifuri kabisa. Nilipoisoma nikawaza batobato ya mihogo yetu hapa Unguja. (Kirusi chake ni cha ukoo mwengine, watu wa biolojia msinipige.)

"Sasa friji ya namna ile tutaitoa wapi?" mwenzangu mmoja kaniuliza kantini. Hatuna, na sitajifanya tunayo. Ila naona kinachotukwamisha zaidi ni kwamba resonansi tumeikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Kijibao cha Rugar na rula iliyobanwa ukingoni mwa meza vinafuata kanuni moja: fupisha rula nusu, mtetemo unakwenda kasi mara 4. Simu yako ina maikrofoni, na programu za kupima sauti zipo za bure. Sisi watatu tumeshaanza, na rula ya chuma tuliyonunua Darajani. Anayetaka kuja aje na yake, ya plastiki haidumu.