Maini Yakatwapo

Kiswahili kimeliweka ini karibu sana na uchungu wa binadamu. Aliyeumizwa kwa maneno husema amekatwa maini. Katika madarasa ya fasihi, aghalabu tunalijadili ini kama sitiari. Ugonjwa wa mwana wa shangazi yangu, mtoto wa miaka saba aliyetibiwa saratani ya damu hapa Eldoret, ndio ulionitoa kwenye sitiari na kunifikisha kwenye ini lenyewe.

Miongoni mwa dawa alizopewa ni methotreksati. Dawa hii si ngeni Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeeleza uvimbe wa taya za watoto wa Uganda mwaka 1958, aliitumia kwa wagonjwa wake mapema katika miaka ya 1960. Huzuia seli zisitumie foleti, vitamini inayohitajika katika kuunda DNA mpya. Seli isiyounda DNA haigawanyiki, na hapo ndipo saratani hudumaa.

Hata hivyo, dawa haichagui. Ini lina uwezo wa ajabu wa kujijenga upya: panya akikatwa theluthi mbili za ini lake, sehemu iliyosalia hukua na kurejea takriban ukubwa wa awali kwa siku saba hadi kumi hivi. Lakini ukuaji huo nao huhitaji seli kugawanyika. Kwa hiyo dawa ile ile inayojeruhi seli za ini huweza pia kuzichelewesha kuziba pengo, mithili ya mwizi avunjaye nyumba kisha akamzuia fundi mlangoni. Ndiyo sababu madaktari hupima vimeng'enya vya ini katika damu. Vikipanda kupita kiasi, dozi hupunguzwa au husitishwa kwa muda.

Siku dozi iliposimamishwa, Shangazi alininong'onezea, "Mwanangu, wamemkatia tamaa?" Kwake, dawa ya moto ni moto, moto ukizimwa, kimebaki nini? Nilimjibu kwa lugha ya shamba lake la mahindi: "Shangazi, jembe la palizi likigusa mizizi ya mahindi, huwekwa kando hadi mahindi yashike tena. Halijatupwa." Alinyamaza, kisha akauliza kuhusu mizizi ya kuchemsha aliyoletewa na jirani. Nikamsihi amwarifu daktari kwanza, kwa kuwa baadhi ya miti-shamba nayo huliumiza ini.

Wiki mbili baadaye vipimo vilishuka, tiba ikaendelea.

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, istilahi tunazo: tibakemikali, vimeng'enya, saratani. Nazo hazikutosha kumwondolea Shangazi hofu. Alihitaji sentensi mbili za kawaida zitakazomweleza kwamba kungoja nako ni sehemu ya tiba. Utafiti wetu wa lugha na ufike wodini, kwa maana huko mzazi asipoelewa, huenda akamwondoa mtoto hospitalini kabla ini halijapona.