Moto wa nyumba huku kwenye baridi

Tunawaandikia kutoka Louisville, Kentucky, Marekani. Wengi mnatuuliza kwa simu: huko kwenye theluji mnaota moto gani? Leo tunajibu.

Nyumba yetu ina mashine mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni pampu ya joto. Inakaa nje, inatumia umeme, haichomi kitu. Ni kama friji iliyogeuzwa: inakusanya joto lililomo hata katika hewa ya baridi na kulileta ndani. Baridi ikizidi sana pampu inalemewa, ndipo tanuru la gesi linashika kazi. Kidude cha ukutani, themostati, ndicho kinaamua. Tunakiweka digrii 68 za huku, yaani 20 za Selsiasi, na watoto wanavaa sweta. Tukipandisha, bili nayo inapanda.

Umeme ukikatika, zote zinazima, hata tanuru, maana feni yake ni ya umeme. Hapo tunajifunika blanketi chumba kimoja. Jiko la makaa haliingii ndani kamwe! Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Tanuru likiharibika nalo linaweza kuitoa, ndiyo maana tumeweka king'ora karibu na vyumba vya kulala. Kikilia, wote tunatoka nje kwanza, halafu tunapiga 911.

Na ninyi huko kambini, mvua ikiwafanya muingize jiko ndani, kumbukeni: gesi ni ile ile. Msilale nalo.