Jibu la Shangazi

Columbus, Ohio
Jumanne, 4 Machi 2025

Shangazi ameshtakiwa. Barua ilimfikia Ijumaa kwa posta, ile ya kutiwa saini mlangoni. Akaisaini, akaiweka chini ya Biblia, akaenda zamu ya usiku. Leo ndipo amenipa niisome.

Mdai ni kampuni asiyoijua kabisa. Inataka dola 2,914 kwa kadi ya mkopo ya duka alikochukua friji na makochi. Kampuni hii haikumuuzia hata kijiko. Imenunua madeni ya duka lile kwa jumla, kama mtu anunuavyo robota la mtumba bila kulifungua. Shangazi anasema alikuwa akilipa kila mwezi mpaka 2020, ghala lilipompunguzia saa za kazi. Basi deni lilikuwepo. Limebaki kiasi gani, na sasa ni la nani, hizi karatasi hazionyeshi.

Sheria ya Ohio inampa siku 28 tangu alipopokea: mwisho ni Ijumaa, 28 Machi. Nimeiandika tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni kwake.

Jumatano, 5 Machi, usiku

Nimepiga hesabu ya kunyamaza. Mdaiwa asipojibu, mdai huomba hukumu ya upande mmoja, na kwa kawaida huipata, kwa kuwa dai lisilokanwa huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Kisha amri inakwenda kwa mwajiri. Sheria ya shirikisho ya 1968 inaruhusu kukatwa hadi asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya kisheria. Kwake hubaki dola 640 kwa wiki. Zitaondoka 160, wiki baada ya wiki, mpaka deni, riba na gharama za kesi ziishe. Kodi ya nyumba haitangoja.

Aliniuliza kwa sauti ya chini kama watamfukuza kazi. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ya kukatwa mshahara kwa deni moja. Nilipomwambia, alikaa.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Christine Sniadach wa Wisconsin alidaiwa dola 420; kati ya dola 63.18 alizokuwa amezifanyia kazi, nusu ilizuiwa kabla hakimu yeyote hajamsikiliza. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hapana, mtu apewe taarifa na nafasi ya kusikilizwa kwanza. Nafasi hiyo ndiyo iliyolala siku nne chini ya Biblia. Nafasi ya kusikilizwa haimfai kitu mtu aliyeletewa kwa lugha asiyoisoma, na hili linaniuma.

Jumamosi, 8 Machi

Tumebishana, kwa heshima. "Mwanangu, dawa ya deni ni kulipa. Nikienda kujibu si nitakuwa nimekana mbele ya Mungu?"

Nikamuuliza habari za Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Kambini alikopa sukari na sabuni, mwenye duka akaandika kwenye daftari, na siku ya kulipa walilifungua wote wawili, wakaangalia mstari kwa mstari. "Je, angekuja kijana usiyemjua akasema daftari sasa ni lake, nipe hela?" Akajibu papo hapo: "Ningemwambia alete daftari."

Basi, Shangazi, jibu la mahakamani ndilo hilo.

Jumatatu, 10 Machi

Mahakama ya Manispaa ya Kaunti ya Franklin ina kituo cha kuwasaidia wasio na wakili. Hawakusimamii kesi, ila wanakuonyesha fomu na namna ya kuijaza. Tumeketi pale na hati ya madai, aya kwa aya. Kila aya ina majibu matatu tu: nakubali, nakana, au sina taarifa za kutosha kujua.

Anaishi kaunti hii: anakubali. Aliwahi kuwa na kadi ya duka lile: anakubali, maana ni kweli, na hakutaka neno la uongo juu ya saini yake. Kampuni imelinunua deni kihalali: hana taarifa za kutosha. Anadaiwa dola 2,914: anakana. Tukaongeza kwamba hawakuambatisha nakala ya akaunti, wala hawakueleza kwa nini haipo, ilhali kanuni za Ohio zinadai hivyo. Kama deni lingekuwa limepitwa na muda wa kushtakiwa, hapa ndipo pa kulisema. Hoja hiyo isipotajwa kwenye jibu, hupotea.

Alhamisi, 13 Machi

Jibu limepokelewa. Karani amegonga muhuri nakala zote: moja ya mahakama, moja ya wakili wa mdai, moja yetu. Tumeomba mkalimani wa Kiswahili, ambaye mahakama humlipa yenyewe. Ya wakili tumeituma posta leo leo.

Jumanne, 8 Aprili

Barua ya wakili. Kabla ya jibu walitaka dola zote 2,914. Sasa wanasema watapokea dola 1,700 kwa mkupuo na kufuta kesi. Hakuna taarifa ya akaunti ndani, wala hati ya mauziano kati yao na duka. Wakapiga simu pia, wakimwomba atoe japo dola 20 "kuonyesha nia njema". Nimemsihi asitoe: malipo madogo ya namna hiyo yanaweza kuanzisha upya hesabu ya muda wa kudai.

Amenisomesha barua mara mbili, kisha akaniamuru niandike: atazungumzia bei akishaona malipo yake ya mpaka 2020 yamehesabiwa, na karatasi inayoonyesha kwamba anayelipwa ni mwenye deni. Wakileta, yuko tayari kulipa dola 60 kwa mwezi. Nimeiandika kama alivyotamka. Ameitia saini, na kesho naipeleka posta.