Milango na Milizamu

Mwaka 1994, tulipokuwa vijana wanne wa Dar es Salaam ambao mishahara yetu, tukiichanga, ilitosha nauli ya boti na chumba kimoja cha kulala, tuliazimia kwamba kila mwaka, masika yakishapita, tutavuka kwenda Unguja Ijumaa na kurejea Jumapili usiku kwa ile boti ya polepole iliyotandikwa magodoro, na kwamba katika siku zote hizo hatutapanda gari la aina yoyote. Sharti hilo la mwisho halikuwa na hekima ndani yake. Lilizaliwa na ufukara, nasi tukalivika joho la msimamo. Hata hivyo Mji Mkongwe ulitusitiri, maana vichochoro vya Kiponda na Mkunazini ni vyembamba kiasi kwamba mwenye baiskeli na mwenye mkokoteni hawapishani ila mmoja wao ajibanze kwenye baraza ya watu, na mwenye gari huko hana la kumzidi mtembea kwa miguu.

Siku hizo macho yetu yalikuwa milangoni. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa historia, alitembea na daftari ambamo alinakili kila mlango tuliousimamia: huu una kizingiti kilichonyooka, ndio mtindo wa kale wa Kiarabu, ule una tao juu yake, ndio mtindo ulioshamiri mwishoni mwa karne ya 19 kwa athari ya Uhindini. Tulihesabu misumari ya shaba, tukabishana kama nakshi fulani ni samaki au ni jani, na tulipopotea, jambo lililotufika aghalabu kabla ya adhuhuri, tuliwaamkia wazee waliokaa barazani nao wakatuelekeza kwa mkono ulioshika kikombe cha kahawa, pasina kuukatiza mchezo wao wa bao.

Aliyetubadilisha ni yule wa nne wetu, mtoto wa fundi mwashi wa Kariakoo, ambaye kwa ada alikuwa msemaji haba. Katika safari ya tatu kama si ya nne, mvua isiyo ya msimu ilitukuta karibu na Hurumzi, tukajibanza ukutani mwa nyumba kubwa ya ghorofa mbili. Tulipokuwa tukilalamika, yeye alitoa ufunguo mfukoni akaanza kuukwaruza ukuta. Plasta ikabanduka pande zima mithili ya ukoko mkavu sufuriani, na nyuma yake pakaonekana chokaa iliyolowa, laini kama unga uliomwagiwa maji. Akatwambia kwamba nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyonyonya maji na kuyatoa tena, na kwamba mtu akizipaka saruji juu yake, kwa nia njema ya kuziimarisha, huyafungia maji ndani nayo yakauozesha ukuta taratibu. Kisha akanyoosha kidole juu. Mlizamu ulikuwa umekatika kwenye shina lake, na maji ya paa zima, badala ya kurushwa mbali na ukuta, yalikuwa yakiteremka juu ya ukuta wenyewe, ambao katika ufa wake ulikwisha ota mtini mdogo wenye majani mabichi ya kupendeza.

Dirisha likafunguliwa juu yetu. "Nyie wanangu, mwanibomolea nyumba?"

"Hasha, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi kama nyinyi mafundi, pandeni. Huku juu kwavuja tangu mwanangu wa kwanza hajazaliwa."

Tukapanda. Nyumba ilikuwa ya familia nne, kila moja ikitunza chumba chake kwa unadhifu wa kupigiwa mfano, na hapana hata moja iliyokuwa na paa. Yaani paa lilikuwa la wote, na kwa hiyo halikuwa la mtu. Hivyo ndivyo zilivyokuwa nyingi miongoni mwa nyumba zilizotaifishwa na kugawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Tulizoa majani yaliyooza kwa mikono, maji yakapata njia, na bibi akatukirimu chai ya tangawizi na mkate wa kumimina.

Tangu siku hiyo daftari la mwalimu liligeuka. Milango ilipungua kurasani, ikaingia milizamu, nyufa, na vyumba vyembamba ambavyo upana wake huamuliwa na urefu wa boriti la mkoko, yaani kiasi cha mita tatu, hata kasri lisiweze kuizidi hukumu hiyo. Tukawa watu wa kutembea shingo juu, na nadhani wenyeji walituona wapungufu. Mji ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 tulifurahi, na mahoteli yalipozidi hatukujua tufurahi au tusikitike, kwani hoteli huziba paa na papo hapo humhamisha aliyekuwa akiishi chini yake.

Miadi yetu ya asubuhi ilikuwa siku zote mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lililosalimika mizinga ya Waingereza ya 1896 ilhali jirani yake likawa kifusi. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika kukarabatiwa, mnara wake na sehemu kubwa ya upande wa mbele viliporomoka, na watu wawili wakafariki. Mtoto wa mwashi alinipigia simu jioni hiyo, tukakaa kitambo kirefu hakuna aliyesema neno.

Mara ya mwisho tulipovuka, magoti ya mwalimu yakiwa yamekwisha goma, tulikwenda polepole, baraza hadi baraza, mpaka Hurumzi. Nyumba ya bibi imekuwa hoteli. Kijana nadhifu alisimama mlangoni, misumari ya shaba ikimeremeta nyuma yake, akatuuliza kwa adabu kama tunahitaji chumba. Tulipomuuliza habari za bibi, akasema hakumdiriki. Mtoto wa mwashi hakumsikiliza. Alitazama juu, akauona mlizamu mpya uliotokeza mbali na ukuta kama itakiwavyo. Kisha akauegemeza mkono ukutani, akautelezesha, akatuonesha vidole vyake vilivyogeuka vyeupe.

"Chokaa," alisema.

Kijana, akidhani mgeni amechafuka, alikimbilia ndani kuleta kitambaa. Aliporudi nacho, mwenzetu alikwisha kaa barazani, mkono wake mweupe gotini, akiuliza muuza kahawa hupita saa ngapi.